Sifa, Deheni na Kirikuu

Kiswahili kina neno sifa lisilohusiana hata kidogo na kumsifu mtu. Ni mafuta ya papa. Hutolewa kwenye maini yake, hupikwa, kisha hupakwa kwenye mbao za chombo ili maji yasipenye na jua lisizipasue. Frederick Johnson aliliweka katika kamusi yake ya mwaka 1939, na wazee wa Pangani wanalo puani mpaka leo, maana ukishayanusa mafuta hayo mara moja hayakutoki. Mwaka huu nilihitaji kitu cha kufanya kazi ya sifa bila kunuka kama sifa. Mbao nilizotaka kuzilinda zingebeba vitabu, na mimi ningelala humohumo.

Nieleze. Kwa wasomaji walio nje ya Tanzania, kirikuu ni kile kipikapu kidogo, mara nyingi Suzuki Carry, chenye injini ya cc 660, ambacho Wajapani walikitengeneza kwa ajili ya wakulima na wachuuzi wao na ambacho kwetu kinabeba kila kitu, kuanzia nyanya hadi jeneza. Changu kimezeeka lakini kinawaka. Kwa miaka sita nimekuwa nikiuza vitabu vya mitumba hapa Tanga kwenye kibanda cha kupanga. Mwishoni mwa mwaka jana mwenye kibanda alipandisha kodi hadi mahali ambapo hata ningeuza riwaya kumi kwa siku nisingefika, na siuzi riwaya kumi kwa siku. Zikahamia katoni 31 sebuleni kwa dada yangu, na dada yangu ana watoto watatu na subira yenye kikomo.

Wazo likawa hili: nijenge kijumba cha plaiwudi mgongoni mwa kirikuu, rafu pande mbili, katikati kitanda cha kukunja, niwe naenda Muheza, Korogwe, Lushoto na Pangani wiki moja moja, kwenye minada na mashuleni, nikilala humo ndani badala ya kulipa gesti. Hela niliyokuwa nayo ni laki sita na nusu, kwa mbao, rangi, skrubu na kila kitu. Muda ulikuwa hadi masika, yaani katikati ya Machi, kama mvua ingekuwa na adabu. Baada ya hapo sikuwa na mpango mwingine. Ama kijumba kiwe kikavu, ama vitabu viuzwe kwa kilo kwa wafunga maandazi.

Kwingine watu hujenga vitu hivi kwa starehe. Wamarekani walianza tangu miaka ya 1930, vile vibanda vyenye umbo la tone la maji vinavyovutwa nyuma ya gari, kitanda ndani, jiko nyuma chini ya mlango unaofungukia juu. Wengi walijijengea wenyewe uani, kwa plaiwudi, na shida yao ilikuwa hiihii yangu. Plaiwudi ni rahisi, nyepesi, inakatika vizuri, na inapenda maji kuliko inavyopaswa.

Uzito kwanza, maana ndio ulioamua mengi. Kwa kanuni za Japani gari la namna hii linaruhusiwa kubeba kilo 350. Huku kwetu sote tumeona likibeba zaidi, lakini mimi nazipenda springi zangu. Bodi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, unene wa milimita 12, inakaribia kilo 20. Ya milimita 9 iko kwenye 15. Nikachukua za milimita 9, sita. Kilo 90 za kuta, 30 za fito na vyuma, zinazobaki ni fasihi. Ukipiga hesabu ni katoni kama 14 kwa safari, nyingine zinasubiri zamu yake kwa dada.

Sasa hiyo plaiwudi yenyewe. Gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu, likamenywa kama chungwa ambalo ganda lake halikatiki. Ganda hilo hukatwa vipande, hukaushwa, hupakwa gundi, kisha hupangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za tabaka moja zikikatiza nyuzi za jingine. Idadi ya matabaka mara nyingi ni witiri: matatu, matano, saba. Kukatiza huko ndiko kunakoifanya isipinde wala kuvimba kwa upana kama ubao wa kawaida, kwa sababu kila tabaka linamshika jirani yake asitanuke. Niliyoinunua ilitoka Mafinga, misindano na mikaratusi ya nyanda za juu, imekuja kulinda vitabu kwenye joto la Tanga.

Dukani ndiko nilikokutana na tatizo la kwanza, nalo lilikuwa la lugha. Muuzaji aliniambia, "Chukua hii marini, haili maji." Huku kwetu "marini bodi" ni ile plaiwudi yenye uso laini wa kahawia iliyokolea, inayotumiwa na mafundi ujenzi kumwagia zege. Ule uso ni filamu iliyowekwa ili zege lisigande. Plaiwudi ya boti ni kitu kingine kabisa. Waingereza wana kiwango chao kiitwacho BS 1088, kinachosema mbao iwe ya aina gani, gundi iwe ipi, na ndani kusiwe na mapengo. Jina limehama kutoka baharini likaja kwenye nguzo za ghorofa, na muuzaji hakuwa akidanganya. Alikuwa anatumia neno kama watu wote wanavyolitumia. Ila mimi ningelipia zaidi kwa filamu ambayo rangi haishiki vizuri juu yake, kwenye bodi ambazo nyingi ni za milimita 18, na kingo zake zingebaki zinakunywa kama za plaiwudi nyingine yoyote.

Kilichonihusu zaidi ni gundi. Plaiwudi ya ndani ya nyumba hutumia gundi ya yurea, ambayo joto na unyevu huivunja taratibu. Ya nje hutumia ya fenoli, na mara nyingi unaiona kingoni kama mistari myembamba myeusi. Macho peke yake hayatoshi. Niliomba vipande vya mabaki kutoka maduka mawili, nikavitia alama kwa kisu, nikavichemsha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa kwa saa nne, nikaviacha vikauke, nikavichemsha tena. Dada akapita jikoni akauliza kama leo tunakula mbao. Kipande cha duka la kwanza kilifunguka kurasa kwa kurasa kama kitabu kilichoanguka mtoni. Cha duka la pili kilitoka kimevimba kidogo, kimekunja uso, lakini kizima. Nikanunua kwa huyo wa pili, na bei yake ilizidi kwa kiasi ambacho kilinilazimisha kufuta dirisha moja kwenye mchoro.

Bodi ziliposhushwa uani, mjomba alikuja kuziona.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa vyombo Pangani kwa zaidi ya miaka arobaini. Amejenga mashua ambazo siwezi kuzihesabu, na ujana wake wote aliufanyia kazi kwenye majahazi. Sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hata angekuwa anaona vizuri kazi isingekuwepo ya kutosha, kwa sababu wanaomfuata siku hizi wanataka boti ya fiberglasi, na akiwaambia hajui fiberglasi wanamwamkia na kuondoka. Anakaa kwa dada tangu mwaka juzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ndiyo mbao yenyewe hiyo?"

"Ndiyo. Plaiwudi."

Akaigonga kwa kifundo cha kidole sehemu kadhaa, akisikiliza. Mahali pawili sauti ilibadilika ikawa ya debe tupu, maana ndani mlikuwa na pengo, tabaka halikukutana na mwenzake. Mimi nilikuwa nimezikagua bodi zile kwa macho dukani na sikuyaona, wala hakuna ambaye angeyaona. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, taratibu, urefu mzima wa futi nane.

"Hii biskuti," akasema. "Uso una ngozi. Huku hakuna ngozi. Huku ndiko itakakonywa."

Alikuwa ameshika plaiwudi kwa mara ya kwanza au ya pili maishani, na alikuwa ameshamaliza somo lote. Uso wa plaiwudi unaweza kuupaka chochote ukadumu kiasi. Ukingoni, nusu ya matabaka yamekuonyesha vichwa vya nyuzi zake, na kila uzi ni mrija. Maji yanapanda humo yakitafuta gundi. Ukuta wa plaiwudi ukioza, tazama chini, tazama kwenye kona, tazama kwenye tundu la skrubu. Watu humaliza hela kwenye rangi ya uso kwa sababu uso ndio unaopigwa picha.

Nilipima kingo zote, pamoja na za rafu, mlango na lile dirisha moja lililonusurika. Zilizidi mita 70. Nikaamua hapo ndipo hela na muda wangu vitakapokwenda.

Dawa bora ya kingo ni epoksi, na epoksi ya kutosha mita 70 ingekula bajeti ya rangi yote na kuramba vidole. Mafundi wanaonyoosha magari wana rezini ya fiberglasi, ya bei nafuu kuliko epoksi, na mmoja wao alinishawishi sana. Sikuichukua. Rezini ile ya poliesta haishikani na mbao sawasawa. Unyevu ukiingia nyuma yake kidogo tu inabanduka, na ikibanduka inakuwa mfuko wa kutunzia maji. Gundi nyeupe ya kawaida iliyochanganywa na maji, ambayo baadhi ya maseremala huitumia kuziba kingo, inalainika tena ikilowa. Ikabaki njia ya zamani: rangi ya mafuta, tapentaini na subira.

Nilichofanya ni hiki. Kila ukingo niliupiga msasa namba 120, mapengo nikayajaza kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi isiyolainishwa na maji. Rangi ya mafuta ya prima nikaizimua kwa tapentaini nusu kwa nusu na kuipaka. Baada ya dakika chache haikuwepo, imezama yote. Nikapaka tena palepale kabla haijakauka. Siku ya pili nikapaka nzito zaidi, siku ya tatu nzito kabisa bila kuzimua. Mjomba alikuwa akipita nyuma yangu na kidole gumba. Mahali palipokauka na kukwaruza alisema, "Bado ina kiu." Palipoteleza alisema, "Imeshiba." Kazi ya kingo peke yake ilichukua siku tano, na majirani walianza kuuliza kama kijumba kitajengwa au bodi zitaendelea kupakwa rangi pembeni hadi Ramadhani.

Na matundu ya skrubu pia ni kingo, ila za mviringo. Kila tundu lilitobolewa kwanza, likachovywa rangi kwa kijiti, ndipo skrubu ikaingia.

Kwenye mafuta ndiko tulikotofautiana. Mjomba alitaka sifa kwenye kuta za nje. Nikasema mjomba, nani atanunua kitabu cha hadithi za watoto kinachonuka papa? Akasema basi sakafu, upande wa chini, tuipake deheni. Deheni ni chokaa iliyochanganywa na mafuta au shahamu, hupakwa sehemu ya chombo inayokaa majini. Inazuia maji kupenya na inawapa shida wadudu wanaotoboa mbao. Ni kitu cha akili sana, lakini haikauki ikawa ngumu kama rangi, na chini ya gari ingekusanya vumbi lote la barabara ya Pangani. Halafu kuna panya. Chombo kikiwa majini panya hawafiki kwenye tumbo lake. Kirikuu kilichoegeshwa Korogwe usiku na tumbo la shahamu ni mwaliko. Nikakataa na hiyo.

Jirani yetu, fundi wa pikipiki, akatuletea jawabu lake: oili chafu. Hutumika kila mahali, kwenye nguzo za uzio, kwenye kenchi za paa, dhidi ya mchwa. Ni bure. Ina metali na masalia ya injini ambayo sitaki kuyavuta usiku kucha, haikauki, na ukishaipaka hakuna rangi itakayoshika juu yake tena maisha. Nikamshukuru.

Mafuta pekee niliyoyakubali ni ya linsidi yaliyopikwa, kwa rafu za ndani tu, kwa sababu yanakauka yakawa ngozi na hayanuki kwa muda mrefu. Ukiyatumia, matambara uliyopangusia yaanike yamekunjuliwa nje, au yazamishe kwenye maji. Yakirundikwa kwenye kona yanaweza kupata moto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Hili nalisema kwa herufi za kawaida lakini lisomwe kwa herufi kubwa.

Baada ya hapo mjomba alinyamaza siku mbili. Alikuwa anatoka msikitini anapitia mlango wa mbele badala ya uani. Nilimkatalia sifa, deheni na shahamu ndani ya mchana mmoja, na hayo ndiyo maneno aliyoyabeba miaka arobaini. Sababu zangu zilikuwa sahihi zote. Hilo halikunisaidia chochote mezani.

Siku ya tatu alirudi na kitu kwenye mfuko wa plastiki: patasi butu ya kukalafatia na nyundo yake ya mti. Kwa asiyejua, kukalafati ni kushindilia nyuzi za pamba kwenye nyufa kati ya ubao na ubao, kisha kuzipaka. Alitaka kukalafati pale ukuta unapokutana na sakafu. Nikawa natafuta namna ya kusema, naye akawa ameshachuchumaa, kidole kwenye pembe.

"Ikilowa, hii inavimba upande gani?"

"Unene, mjomba. Kidogo. Upana haivimbi."

"Haivimbi kabisa?"

"Karibu na hakuna."

Akatulia. Ubao wa jahazi ukilowa unavimba, unasogea kwa mwenzake na kuibana pamba, na kubana huko ndiko kunakozuia maji. Chombo kipya kikishushwa huvuja kwanza, watu wanafua maji, hadi mbao zilewe na kukaza. Plaiwudi imetengenezwa makusudi isifanye hivyo. Ukishindilia pamba kwenye pembe yake utaitenganisha tu.

"Basi kalafati haina kazi hapa," akasema, akairudisha patasi kwenye mfuko. Sikumwambia mimi. Alilifikia mwenyewe kwa maswali mawili, na nilitamani lingemchukua muda mrefu zaidi.

Kwenye pembe zile niliweka silanti inayonyumbuka, ile inayopakika rangi. Silikoni ya kawaida niliiepuka kwa sababu rangi haiishiki, na ukishaipaka mahali utaipigia magoti kuitoa. Likabaki paa.

Paa ndilo linalopata mvua yote na jua lote. Bati lingekuwa jibu, ila lina uzito na kelele, na kwenye jua la Tanga lingenipika. Wamarekani maskini wa hela na matajiri wa muda wana njia yao, wanaiita fiberglasi ya maskini: kitambaa kinagandishwa juu ya plaiwudi kwa gundi au rangi, kisha kinapakwa rangi ya nje mara nyingi hadi nyuzi zijae. Si uvumbuzi wao hasa. Deki za boti za mbao zimefunikwa turubai na rangi kwa muda mrefu, na mapaa ya mabehewa ya treni pia yalifunikwa hivyo. Kitambaa kinakunjwa kikashuka juu ya ukingo, kwa hiyo mahali pale pasipo na ngozi panapata ngozi.

Nikaenda dukani kutafuta pamba nzito isiyo na rangi. "Unataka marekani," akasema mwenye duka, na kwa sekunde moja nilidhani ananiuliza safari.

Hili jina tunalitamka bila kulisikia. Karne ya 19 meli kutoka Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Unguja pamba isiyopaushwa, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Kitambaa kiliingia bara mpaka kikawa kama fedha, watu wakalipwa kwa marekani, wakatozwa hongo za njia kwa marekani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikata pamba, biashara ikaenda kwa viwanda vya Uingereza na India, jina likabaki. Sasa mimi nilikuwa nanunua mita saba za marekani Tanga ili kutumia mbinu ya Wamarekani, na wao kwao hawakiiti hivyo.

Nilipofika nacho nyumbani mjomba alikisikia kwa vidole kabla sijasema. "Hii ni ya tanga," akasema. Alikuwa ameshona matanga ya marekani utotoni, amekaa mchangani na bibi yake.

Akachukua usukani. Kwanza akaamuru kifuliwe kwa maji ya moto, mara mbili, kitoke wanga na kirudi kabla ya kuwekwa, kisije kurudi kikiwa juu ya paa. Kikaanikwa, kikapigwa pasi. Kisha tukapaka paa rangi nyeupe ya maji ya nje, nzito, na wakati bado imelowa tukatandaza. Mimi nilivuta upande wa mbele, mpwa wangu wa darasa la sita upande wa nyuma, mjomba akawa juu ya ngazi katikati na viganja vyake viwili.

Nyeupe juu ya nyeupe, kwenye jua la saa nne asubuhi, mimi sikuwa naona kitu. Malengelenge ya hewa chini ya kitambaa hayana kivuli. Yeye hakuwa anaona tangu mwanzo, na ilikuwa haimpunguzii chochote. Viganja vilitoka katikati kwenda pembeni, vikasimama, vikarudi nyuma kidogo, vikasukuma. "Hapa kuna pumzi." Anasogea. "Na hapa." Kila alipogusa, palikuwa na pumzi. Kwenye kona alikikata hanamu, akalaza ncha moja juu ya nyingine kufuata njia ya maji, ili tone linaloshuka lisikutane na mdomo wa kitambaa. Tukakishusha sentimita saba chini ya ukingo wa paa na kukibana kwa ufito. Alipomaliza alikuwa na rangi hadi kwenye kofia.

Tulipaka mara nne zaidi kwa siku mbili. Ukigonga sasa hivi linalia kama ngoma ya ngozi nene.

Kuta zilikwenda haraka: andakoti, kisha rangi ya mafuta mara mbili, kijivu chepesi, kwa sababu rangi nyeusi inavuta joto na joto ndilo linalopasua uso wa plaiwudi. Sakafu niliiinua juu ya fito nne ili hewa ipite kati yake na chuma cha gari. Chini ya ukingo wa paa nilichimba kijifereji chembamba, tone likifika hapo linaanguka badala ya kutambaa hadi ukutani. Vingine havina hadithi.

Nilimlipa mjomba siku mbili za fundi, bei ya soko. Akazipokea, akanipa nizihesabu kwa sauti kwa kuwa noti haoni, akatoa moja akampa mpwa wangu, nyingine akazifunga kwenye leso. Hela yangu ilikuwa imebaki elfu kumi na moja.

Masika ilianza Machi 19 usiku, nikiwa Muheza, nimeegesha nyuma ya shule. Ilinyesha hadi alfajiri. Nilikuwa na tochi, nikawa naigusisha kwenye kila pembe kila baada ya nusu saa, kama mlinzi. Pembe zilikuwa kavu. Paa lilikuwa kavu. Nikalala saa kumi na moja, nikaamka na watoto wanagonga wanauliza kama hiki ni kibanda cha chipsi.

Maji yalinipata Lushoto, mwezi Juni, na hayakutoka nje. Usiku kule ni baridi, mimi nilikuwa nimefunga kila kitu, asubuhi nikakuta kuta za ndani zina jasho na majalada ya chini yameanza kulegea. Ilikuwa pumzi yangu mwenyewe. Kijumba kisichopitisha maji hakiyatoi pia, na karatasi ikikaa kwenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 kwa muda inaota ukungu. Nilitoboa matundu mawili juu, chini ya mwavuli wa paa, na mawili chini karibu na sakafu, nikayawekea wavu wa mbu. Kabla ya wavu nilichovya kila tundu rangi mara tatu, kwa kijiti kilekile. Tangu hapo rafu ya chini naweka kamusi, maana zina majalada magumu, na riwaya zimepanda juu.

Kabla ya vuli paa linahitaji rangi mara mbili tena, na ukingo wa chini wa mlango umeshakwanguka kwa viatu vya wateja. Prima imebaki nusu kopo, iko chini ya kitanda kwa dada. Mjomba ameniambia nisiuguse ukingo ule mpaka aje na kidole.